Ratiba imevunjika mara tatu: nipangeje masomo yangu nikiwa na miaka 37?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 37, nina duka la vyakula hapa Makambako na watoto wawili. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2005 nikapata D tatu: Kiswahili, Historia na Uraia. Hisabati na Kiingereza nilipata F. Nataka kurisiti masomo hayo mawili Novemba mwaka kesho ili nipate sifa za kusomea cheti cha uhasibu. Januari mwaka huu nilijipangia ratiba ya kusoma kila siku kuanzia saa 3 usiku hadi saa 6, nusu Hisabati, nusu Kiingereza. Nilinunua madaftari na kalamu za rangi, nikapakua na video. Nilidumu siku kumi na moja, na hiyo ilikuwa mara ya tatu. Nikisoma naelewa vizuri, lakini baada ya wiki nikifungua daftari ni kama sijawahi kuliona. Macho nayo yananiuma. Kuna mtu ameniambia mimi ni wa kujifunza kwa kusikia, kwa hiyo nitumie video tu. Je, akili yangu imeshazeeka? Na sasa tuko Juni, nipangeje ili nisikwame tena?"

Marahaba, dada yangu. Umeeleza hali yako kwa ukamilifu, na hilo limenisaidia, kwa sababu katika maelezo yako kuna mambo mawili ambayo wewe umeyaona kama matatizo tofauti: ratiba inavunjika, na ulichosoma hakikai. Nimefundisha madarasa ya jioni ya watu wazima kwa miaka mingi, na karibu kila mara nimekuta mambo hayo mawili yanatoka kwenye chanzo kimoja. Ratiba yako ilipanga saa za kukaa na kitabu. Haikupanga mahali popote siku ya kupima kama ulichokisoma bado kipo kichwani. Kwa hiyo ulichoka kwa kazi ambayo haikukuonyesha matunda, na mtu anayechoka bila kuona matunda huacha, hata akiwa na moyo wa chuma.

Nianze na hofu ya umri, maana naiona imekaa nyuma ya maneno yako yote. Watafiti wa London waliwafuatilia watu wazima 79 waliokuwa wakijifunza kuwa madereva wa teksi za jiji hilo, kazi inayomtaka mtu ahifadhi kichwani mitaa ipatayo 25,000 na njia za kupita kati yake, na ambayo huchukua miaka mitatu hadi minne kuijifunza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kwa wale 39 waliofaulu, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu za mahali ilikuwa imeongezeka ukubwa; kwa wasiofaulu haikuongezeka. Ni kweli kwamba kasi ya kushika jambo jipya kabisa hupungua polepole kadiri miaka inavyokwenda, na sitakuficha hilo. Lakini ufahamu wa mambo, msamiati na uwezo wa kuunganisha jambo jipya na maisha huendelea kukua kwa miongo mingi. Kilichopungua kwako tangu 2005 ni muda na nguvu za mwisho wa siku, na hivyo vinapangika.

Sasa tuangalie kwa nini daftari linaonekana geni baada ya wiki moja. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kupima zimebaki ngapi baada ya muda fulani, akachapisha matokeo yake mwaka 1885. Aliona kwamba kusahau huenda kwa kasi kubwa katika saa na siku za mwanzo, kisha hupoa. Kwa hiyo kinachokutokea ni kawaida ya kila ubongo, wa binti wa miaka kumi na sita na wa mama wa miaka thelathini na saba. Tofauti ni kwamba yule binti ana mwalimu anayemrudisha kwenye somo lile lile kesho yake, wiki ijayo na mwisho wa muhula, na wewe huna. Kazi hiyo ya kurudisha ndiyo inabidi iingie kwenye ratiba yako.

Na namna ya kurudia ina uzito kuliko wingi wa kurudia. Unaposoma ukurasa kwa mara ya tatu, macho yanapita bila kukwama, na ile hali ya kutokukwama inajifanya kuwa kujua. Unasema "hii naifahamu" kwa sababu imo mbele yako. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu makala fupi za kujifunza. Kundi moja lilisoma makala katika vipindi vinne vilivyofuatana. Kundi jingine lilisoma katika kipindi kimoja tu, kisha katika vipindi vitatu likaandika kila lilichokumbuka bila kuitazama makala. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikuwa mbele: asilimia 83 kwa 71. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliosoma tu walibaki na asilimia 40, na waliojilazimisha kukumbuka walibaki na asilimia 61. Tafadhali itazame tena hali yako kwa mwanga huo. Unasema ukisoma unaelewa, na ni kweli unaelewa. Umekuwa katika kundi la kwanza kwa siku kumi na moja mfululizo.

Kwa hiyo, kipindi chako kianze kitabu kikiwa kimefungwa. Chukua karatasi tupu, andika juu yake mada ya juzi, na ufanye swali moja au mawili bila msaada. Utakwama. Kule kukwama kwa dakika mbili tatu, kabla hujafungua kitabu kuangalia, ndiyo sehemu ya somo yenye faida kubwa, ingawa ndiyo inayouma zaidi na ndiyo ambayo wengi hukimbilia kuiepuka. Baada ya hapo fungua kitabu, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, na kosa lile liandike katika daftari dogo la makosa pamoja na tarehe. Mada uliyojifunza leo irudie kesho kwa dakika tano, kisha baada ya siku nne, kisha baada ya wiki mbili, kisha baada ya mwezi. Ukiona imekaa, iache ipumzike zaidi. Ukiona imetoroka, ivute karibu.

Kuhusu urefu wa vipindi, kuna utafiti mmoja ninaoupenda kwa sababu ulifanywa na watu wazima wenye kazi zao. Mwaka 1978 Alan Baddeley na Longman walichapisha matokeo ya kuwafundisha kupiga taipu wafanyakazi wa posta wa Uingereza. Baadhi walijifunza saa moja kwa siku, na wengine hadi saa nne kwa siku katika vipindi viwili vya saa mbili mbili. Waliojifunza saa moja kwa siku walifika kiwango kile kile kwa jumla ya saa chache zaidi, yaani kila saa yao ilizaa kuliko saa ya wenzao. Lakini wao ndio walioridhika kidogo na mpango wao, kwa sababu waliona wenzao wanamaliza kwa siku chache kuliko wao. Nakuomba ulikumbuke hilo hasa, kwa kuwa na wewe utajisikia hivyo hivyo: dakika arobaini kwa siku, ambazo ndizo nakushauri ujipangie, zitaonekana ni mzaha mbele ya saa tatu ulizozoea kujipangia, hata pale zitakapokuwa zinafanya kazi kubwa zaidi.

Saa zenyewe pia zinahitaji kubadilishwa. Saa 3 usiku umeshasimama dukani tangu asubuhi, umepika, umewalaza watoto. Kisha unajinyima usingizi, na usingizi ndio wakati ambao ubongo huimarisha kilichojifunzwa mchana. Duka la vyakula huwa na saa yake ya ukimya, na wewe unaijua yako kuliko mimi. Kwa wengi ni kati ya saa 8 na saa 10 alasiri, baada ya wanunuzi wa mchana na kabla ya wale wa jioni wanaokuja kutafuta mafuta na unga. Iweke karatasi yako chini ya kaunta. Na usiandike "nitasoma saa 8 na nusu", kwa kuwa saa hupita bila kumgonga mtu bega. Ifunge kazi hiyo kwenye tukio: "Nikishamaliza kuhesabu mauzo ya asubuhi, natoa karatasi." Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer na wenzake wameonyesha katika majaribio mengi kwamba mtu aliyeamua mapema ni tukio gani litakaloanzisha kazi huitekeleza mara nyingi zaidi kuliko mwenye nia tupu. Akija mteja, mhudumie. Swali la Hisabati linavumilia kukatizwa kuliko tunavyodhani, mradi umeandika hatua uliyofikia.

Tuje kwenye Hisabati yenyewe, ambako ndiko nataka tukae zaidi. Katika alama za NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, D inaanzia 30 na C inaanzia 45. Kwa fomati iliyotumika miaka ya karibuni, karatasi ya Hisabati ina maswali 14 na yote hujibiwa: kumi ya alama 6 kila moja na manne ya alama 10 kila moja. Thibitisha fomati ya mwaka utakaofanya mtihani, kwa sababu mtaala unabadilishwa kwa awamu. Baraza la Mitihani huziweka fomati katika tovuti yake. Huko huko utakuta taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zinazoonyesha swali kwa swali wapi watu walikosea na kwa nini. Watahiniwa wachache sana wa kujitegemea huzisoma, nami huzihesabu kuwa mwalimu wa bure. Hesabu hizi zinakuambia jambo moja kubwa: huhitaji kujua kila kitu. Lenga 45 katika mazoezi, ili siku ya mtihani, pamoja na woga wake, usishuke chini ya 30.

Wiki ya kwanza usijifunze chochote kipya. Tafuta pepa moja ya miaka iliyopita, kaa nayo kwa vipande siku tatu nne, jibu unachoweza, kisha sahihisha. Kila mada ipe alama moja kati ya tatu: naiweza, naikumbuka nusu, siijui kabisa. Ukianza na ile ya katikati utavuna mapema, na mavuno ya mapema ni chakula cha mpango wowote wa mtu mzima. Nina hakika utakuta kitu kingine cha kukushangaza. Wewe ni mfanyabiashara, na karatasi hiyo ina mada za faida na hasara, uwiano, riba, na hesabu za biashara za kidato cha tatu. Tuchukue mfano. Umenunua katoni ya sabuni kwa shilingi 24,000 ukaiuza kwa 30,000. Faida ni 6,000. Je, ni asilimia ngapi? Wanafunzi wangu wengi wenye biashara hujibu 20, kwa kuwa wamegawanya 6,000 kwa 30,000, zile fedha zilizo mkononi. Jibu ni 25, kwa sababu faida hupimwa dhidi ya bei ya kununulia, yaani mtaji uliotoa. Ukilifanya kosa hilo mara moja kwa katoni yako mwenyewe, ukalisahihisha, halitarudi, maana limeshaingia kwenye kitu unachokishika kila siku. Kijana wa darasani hana katoni hiyo.

Mada tatu za kwanza zikishasimama, acha kufanya mazoezi ya mada moja moja. Vitabu vingi hupanga maswali ishirini ya aina moja mfululizo, na kufikia la tano mkono unaenda wenyewe bila kichwa. Kwenye mtihani hakuna anayekuambia swali la 7 ni la mada gani. Doug Rohrer na Kelli Taylor walilijaribu hili kwa wanafunzi wa hesabu, wakachapisha mwaka 2007: waliofanya maswali ya aina moja moja walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganyiwa walipata 60 tu. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka kabisa. Wa kwanza walipata 20, na waliochanganyiwa 63. Kata maswali ya pepa za zamani, yatie kwenye kopo tupu la maziwa, na kila siku chota manne bila kuchagua.

Kiingereza kinataka utaratibu tofauti, nami nitakieleza kwa kifupi. Hakipangwi kwa mada kama Hisabati. Kinataka kila siku, kwa kiasi kidogo: aya moja ya kusoma, sentensi tano za kuandika kuhusu siku yako, na maneno machache ya kukumbuka kwa utaratibu ule ule wa karatasi tupu. Hata hivyo kuna mahali masomo hayo mawili yanakutana, na ndipo wengi wanapoanguka bila kujua. Mtihani wa Hisabati umeandikwa kwa Kiingereza. Mara nyingi mtahiniwa anaweza hesabu yenyewe lakini haelewi anaulizwa nini. Kila mada ya Hisabati iandalie orodha yake ya maneno ya maswali, ya kuamuru ufanye nini, na uyaweke kwenye marudio yako. Dhana yenyewe ielewe kwanza kwa Kiswahili, bila aibu yoyote, kisha uivike maneno ya mtihani.

Kuhusu kuwa "mtu wa kusikia": Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti za dhana hiyo mwaka 2008 wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa njia anayoipenda kunamfanya ajifunze zaidi. Video ni nzuri pale dhana inapokuwa ngeni. Lakini Hisabati hufanywa kwa mkono, na kuitazama ikifanywa na mtu mwingine ni kama kutazama mtu akisonga ugali. Kwa kila dakika kumi za video, toa dakika ishirini za kalamu.

Kisha kuna nafasi ya dharura, ambayo ratiba zako zote tatu hazikuwa nayo. Sisi wanadamu hukadiria muda wa kazi zetu kama vile hakuna msiba, harusi wala mtoto kuugua. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walikadiria siku 34, wakatumia 55. Nawe fanya hivi: kuanzia Juni hii hadi Novemba mwaka kesho kuna wiki zipatazo sabini, lakini uzihesabu hamsini. Desemba duka linakuwa na msongamano, Januari kuna ada na sare za watoto. Miezi hiyo weka marudio tu, usipange mada mpya. Katika wiki, panga siku nne za kusoma na siku ya tano ya kufidia iliyoanguka. Ukikosa siku mbili, usijaribu kuzilipa kwa kusoma saa tano Jumapili. Endelea na siku iliyopo. Ratiba ya Januari ilivunjika siku ya kumi na mbili kwa sababu haikuwa na mahali pa kuiweka siku moja mbaya.

Utajiuliza kama uingie tuisheni. Kwa uaminifu, tuisheni ina mambo mawili ambayo mpango wa peke yako hauna: mtu anayeona kosa lako likitokea, na siku iliyopangwa na mwingine. Ubaya wake ni nauli, ada, na mwendo usio wako, maana darasa likiwa kwenye vekta na wewe bado sehemu zinakusumbua, utakaa pale ukinakili. Ningekushauri uanze peke yako kwa wiki nane. Ukikuta baada ya wiki hizo bado huwezi sehemu, namba hasi na kutafuta kisichojulikana katika mlinganyo rahisi, mtafute mwalimu wa ana kwa ana, kwa mada hizo tatu tu, saa moja kwa wiki. Hizo ni nguzo, na nguzo iliyopinda ni vigumu kuinyoosha peke yako. Ukipata mwenzako mmoja anayerisiti, mkutane Jumapili mpimane. Mmoja anauliza, mwingine anaandika.

Yapo mambo ambayo barua hii haiwezi kuyatatua na unapaswa kuyafuata kwa miguu yako. La kwanza ni macho. Ukikaribia miaka arobaini, jicho huanza kupoteza uwezo wa kusoma maandishi ya karibu, na maumivu unayoyataja yanaweza kuwa hilo au jambo jingine; nenda kliniki ya macho ukapimwe kabla hujabadilisha chochote katika ratiba. Huenda sehemu ya uchovu wako wa Januari ilikuwa miwani tu. Ukiona pia usingizi unakukimbia wiki kadhaa, au huzuni imekuondolea hamu ya mambo yote na siyo masomo peke yake, hilo ni la daktari. La pili ni sifa za chuo. Umesema una ufaulu wa masomo matatu. Vyuo vingi vya ngazi ya cheti hudai masomo manne, lakini baadhi ya kozi hutaja somo maalumu, kwa hiyo soma mwongozo wa udahili wa mwaka huu wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivyo, na uulize chuo chenyewe. Kama unachohitaji ni somo la nne tu, utaiendea Hisabati ukiwa na Kiingereza kama mlango wa pili, na hilo litakupunguzia mzigo moyoni. La tatu ni usajili. Watahiniwa wa kujitegemea hujisajili mwanzoni mwa mwaka wa mtihani, na anayesubiri ratiba yake ikae sawa hukuta dirisha limefungwa. Hivyo mara tu baada ya mwaka mpya uliza kwenye kituo cha mitihani kilicho karibu nawe. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1975 kwa ajili ya watu kama wewe, ina ofisi mikoani. Ya kwenu Njombe wanaweza kukuelekeza kuhusu vituo na walimu.

Kesho, ukishahesabu mauzo ya asubuhi, usifungue kitabu. Chukua karatasi moja, andika juu yake "faida na hasara", na uandike kila unachokumbuka tangu 2005, pamoja na ile katoni ya sabuni. Karatasi hiyo itunze hata kama itabaki nusu tupu. Mwishoni mwa Agosti andika nyingine ya mada hiyo hiyo, uziweke pamoja, kisha uniandikie ni mada zipi bado ziko kwenye kundi la "siijui kabisa", ili tuzitazame moja baada ya nyingine.